Gita, na Sufuria ya Maharagwe

Ijumaa ilikuwa siku yetu. Tulikuwa watu wanne ambao hatukuwa tumewahi kuonana: dereva mstaafu wa lori kule Leeds, muuguzi wa Memphis, mama mmoja wa Bergen mwenye paka wengi kupita kiasi, na mimi, mwalimu wa Nakuru. Kilichotukutanisha ni blues, muziki wa Wamarekani weusi. Kila juma mmoja alichagua wimbo na kututumia kwa intaneti. Saa tatu usiku kwetu, Memphis ikiwa saa sita mchana, kila mtu aliuwasha kwake huku tukiandikiana. Muziki wenyewe haukuchukua hata robo ya mazungumzo. Yaliyobaki yalikuwa goti la dereva, vita vya Iraq, bei ya mafuta, na sukuma wiki yangu iliyokuwa ikimalizwa na kuku wa jirani.

Januari 2008, katika ghasia za baada ya uchaguzi wetu, mambo yakanigeukia mimi. Muuguzi, ambaye tangu Obama ashinde Iowa tarehe 3 alikuwa hashikiki kwa furaha, sasa kila siku aliniandikia neno moja tu: Mzima? Hakuna hata mmoja wao aliyewahi kuniuliza mimi ni kabila gani. Hapa kwetu siku zile hilo ndilo lililokuwa swali la kwanza.

Alhamisi tarehe 24 Kofi Annan aliwakutanisha Kibaki na Raila, wakapeana mikono mbele ya kamera. Kesho yake Nakuru ilikuwa inawaka. Kafyu ikatangazwa, na kutoka mlangoni kwangu niliona moshi upande wa Kaptembwo. Jioni mwenye kuku akaja na watoto wake watatu. Jina lake na langu hayakuwa ya upande mmoja, na usiku ule lake ndilo lililokuwa baya kuwa nalo mtaani kwetu. Aliwaketisha watoto chini, akatazama huku na huku, kisha akatoka tena mbio bila kusema neno.

Nilikuwa nimeunganisha kompyuta na simu kwa waya, nikawaandikia wenzangu kwamba leo sina hamu ya muziki. Dereva hakusikia. Yeye akianza hadithi hasikii. Alisimulia vile B.B. King, yule mwimbaji maarufu wa blues, alivyokuwa akipiga gita kwenye ukumbi wa dansi huko Twist, Arkansas, mwaka 1949, katika baridi kali. Katikati ya ukumbi palikuwa na pipa la mafuta ya taa linalowaka, ili watu wapate joto. Wanaume wawili wakapigana, pipa likapinduka, moto ukasambaa sakafuni. Watu wakakimbilia nje, King pia. Hapo akakumbuka gita lake, akarudi ndani kulichukua.

Nilikasirika. Mtu anakaa Leeds anakunywa chai, ananisimulia moto mimi! Redioni wakubwa walikuwa wakirudia maneno yale yale: wananchi watulie, wananchi watulie. Mwimbaji wa blues naye hurudia mstari mara mbili, lakini wa tatu huleta jibu. Wa kwetu haukuja.

Mlango ukagongwa. Ni jirani, kanga imeloa jasho, mikononi sufuria ya maharagwe. Alikuwa ameiacha jikoni.

Niliposoma tena kwenye kompyuta, dereva alikuwa amemaliza. Wanaume wawili waliteketea katika moto ule. Waliokuwa wakipigana walimgombania mwanamke aitwaye Lucille, ambaye King hakumjua hata kidogo, na gita akalipa jina hilo ili asirudie tena ujinga kama ule. Nikamsimulia jirani yote kwa Kiswahili, kwa sababu mtoto wake mkubwa alikuwa ameuliza nasoma nini.

"Mwalimu," akasema, "huyo ni mjinga. Unarudi kwa moto kwa sababu ya gita?"

Sikusema kitu. Sufuria ilikuwa mapajani mwake, ameishika kwa mikono miwili.

Nikawaandikia wenzangu hivyo hivyo. Wa Bergen hakujibu kwa muda, muuguzi akasema anasali. Dereva akaandika: Muulize sufuria inaitwaje.

Nikamtafsiria. Hakunijibu, alikuwa ameshasimama anatafuta mwiko.