Shosho aliniuliza swali moja tu

Jana tumemzika binamu yangu pale Lang'ata. Alijiua. Usiku wa matanga shosho alinivuta kando: "Padri atakubali kumsomea Misa?" Alikua akijua waliojiua hunyimwa, na kweli sheria ya Kanisa Katoliki ya 1917 iliwanyima waliojiua kwa makusudi. Ile ya 1983 haina katazo hilo. Nikamsomea Katekisimu, kitabu cha mafundisho ya Kanisa, namba 2281 hadi 2283: kujiua ni kosa zito, lakini maradhi makali ya akili, uchungu au hofu kubwa hupunguza wajibu wa mtu, na tusikate tamaa juu ya wokovu wake. Shosho akakaza rozari mkononi. "Rudia." Nikarudia mara tatu. Misa ikasomwa, jeneza likanyunyiziwa maji ya baraka. Nawe uliyelemewa, tafadhali nipigie, hata usiku wa manane.