Alizeti zimempa shosho mgongo

Jumanne nilimwambia shosho, bibi yangu, akae tu hapo mlangoni angoje jioni, alizeti zitageuka zimwangalie. Na akangoja kweli, leso mabegani, kikombe cha chai mkononi, mpaka jua likazama kule upande wa milima ya Mau, giza likaingia, na hakuna hata moja iliyogeuka. Mlango wake hapa Njoro unaangalia mashariki, na tulizipanda mbele ya mlango kando ya fensi, nazo zimeangalia huko huko mashariki, kwa hivyo wapita njia ndio wanaonyeshwa sura, yeye anaona visogo tu. Iliniuma sana kwa sababu ni yeye aliyetoa mbegu.

Na sikuwa namdanganya jamani. Mwezi wa tano zilipokuwa zimefika tu magotini, bado hazijachanua, nilikuwa naziona kila siku, asubuhi zinaangalia mashariki, jioni ncha zote zimelalia Mau. Siku moja nikatoka saa kumi na moja alfajiri kwenda kukamua, nikazimulika na tochi ya simu, umande umejaa kwenye yale majani yake yanayokwaruza, na tayari zilikuwa zimerudi mashariki, na jua bado kabisa! Sasa zinageuzwa na nini kama jua halijatoka?

Basi juzi usiku nimesoma mpaka bando ikaisha. Kumbe ni mambo ya shina na jinsi linavyokua. Mchana upande wa mashariki wa shina unarefuka kuliko ule mwingine, kwa hivyo kichwa kinasukumwa magharibi, halafu usiku upande wa magharibi nao unarefuka, kichwa kinarudi. Mmea una saa yake ndani. Kuna watafiti wa Chuo Kikuu cha California kule Davis waliandika kwenye jarida la Science mwaka 2016, waliingiza mimea chumbani, taa iko juu palepale haisongi, na bado ikaendelea kuyumba mashariki magharibi siku kadhaa. Hapo nilirudia kusoma mara tatu.

Lakini hiyo ni ya ujana. Ua likishachanua shina linaacha kurefuka, kichwa kinabaki kimeangalia mashariki moja kwa moja. Na kuna faida, maana jua la asubuhi linalipasha joto mapema na nyuki wanapenda joto. Hao watafiti waligeuza vyungu vingine vikaangalia magharibi, na maua ya mashariki yakapata wadudu wa kuchavusha mara 5 zaidi asubuhi. Walipoyapasha joto yale ya magharibi, nyuki wakaongezeka.

Leo saa mbili nimeenda nikaweka kiganja katikati ya ua moja, pale penye vile viua vidogo vidogo vimejipanga mizunguko. Lina joto kabisa, na jani la chini bado baridi. Nyuki wawili walikuwa hapo, miguu imejaa unga wa njano, hawakuhama hata.

Nikaenda kumweleza shosho yote. Akanisikiliza mpaka mwisho, halafu akaniuliza, "Sasa nyuki wameshaonyeshwa uso, na mimi?"

Nikaangalia nyumba vizuri. Dirisha la chumba chake liko nyuma, linaangalia Mau, na hapo nje kuna kipande kitupu kati ya nyumba na zizi. Zikiota hapo zikachanua zitaangalia mashariki, yaani zitamwangalia yeye kitandani. Jioni hii nimeanza kulima.