Pilau ya Idi isiyotiwa chumvi

Baba alipoanzishiwa mashine ya kusafisha damu, baada ya figo zake kushindwa kazi, jiko letu la Tanga liligawanyika mara mbili. Kukawa na chakula cha watu na kukawa na kisufuria. Kisufuria kilipikwa wali mweupe, kipande cha samaki wa kuchemsha na kabichi, vyote bila chumvi wala kiungo, kwa sababu katika yote aliyoambiwa hospitali Mama alikuwa ameondoka na neno moja: punguza. Akapunguza kila kitu, mpaka kitunguu. Baba akawa anapelekewa sahani yake kwenye meza ndogo ya ukumbini huku sisi tukila mkekani. Matonge mawili matatu, anasema ameshiba. Mkanda wa suruali ukaongezwa matundu kwa msumari.

Mimi nilikuwa naishi Dar. Nilirudi nyumbani siku chache kabla ya Idi Kubwa, nikamsindikiza kwenye mashine. Mgonjwa anakaa pale saa 4, mara 3 kwa wiki, kwa hiyo msindikizaji ana muda wa kutosha wa kuuliza maswali. Nilimpata dada mmoja wa lishe aliyekuwa akipita vitandani. Mama alikuwepo. Alipoeleza habari za kisufuria, yule dada alimsikiliza mpaka mwisho, kisha akauliza, "Mama, bizari imekukosea nini?"

Akatufafanulia. Kabla ya mashine ni kweli Baba alitakiwa apunguze nyama, ili figo zisielemewe na taka za protini. Lakini mashine nayo, pamoja na taka, inaondoka na protini, kwa hiyo sasa alihitaji kuila zaidi: takriban gramu 1 hadi 1.2 kwa kila kilo ya uzito wake kwa siku. Nyama, kuku, samaki, yai, vyote alihitaji. Vya kuogopwa vilikuwa vingine. Chumvi, kwa kuwa inapandisha presha na kuleta kiu, na kiu inaleta maji ambayo figo hazina tena uwezo wa kuyatoa. Fosforasi, inayokula mifupa taratibu, na ambayo imejaa kwenye dagaa, maziwa, maharage na soda nyeusi. Na potasiamu, ambayo ndiyo iliyonitisha, maana ikijaa kwenye damu moyo unaweza kusimama ghafla. Hiyo imo kwenye ndizi, viazi, nyanya, mchicha, parachichi, tende, madafu. Yaani chakula cha pwani karibu chote. Ila kitunguu, thomu, tangawizi, iliki, mdalasini, pilipili manga na ndimu kwenye mlo havikuwa na neno.

Njiani kurudi Mama hakusema kitu. Tulipofika akavua baibui, akasema, "Idi hii tunapika chungu kimoja."

Tukabishana tupike nini. Kaka yangu alitaka biriani, kama kila mwaka. Nikamwambia biriani ni nyanya, nyanya ya kopo na mtindi, ukivitoa hivyo haibaki biriani. Pilau haina shida hiyo. Rangi yake inatoka kwenye kitunguu kilichokaangwa mpaka kikaiva hasa, na harufu yake ni bizari nyembamba, vitu ambavyo Baba ameruhusiwa. Mchele mweupe nao, ambao siku hizi kila mtu anausema vibaya, kwa mgonjwa wa figo una potasiamu na fosforasi kidogo kuliko ule wa kahawia. Kikwazo kilikuwa viazi. Pilau ya kwetu bila viazi haijakamilika, na gramu 100 tu za kiazi kibichi zina potasiamu kiasi cha miligramu 400.

Usiku wa kuamkia Idi nikamenya viazi vyote, nikavikata vipande vidogo kuliko kawaida yetu, nikaviosha na kuviloweka kwenye beseni la maji mengi. Potasiamu huyeyuka na kutoka na maji, na kipande kikiwa kidogo ndivyo inavyotoka zaidi. Asubuhi nikavichemsha kwenye sufuria kubwa, nikamwaga maji, nikatia mapya, nikachemsha tena mpaka vikakaribia kulainika, nikamwaga tena. Haiishi yote, lakini inapungua sana. Kiazi kilichopitishwa hivyo huwa kimepooza, hakina utamu wake, ndiyo maana nilikimalizia kwenye mafuta ya moto pamoja na thomu na pilipili manga mpaka kikashika rangi pembeni.

Shangazi aliingia katikati ya shughuli hiyo, kikapu mkononi. Ni dada mkubwa wa Baba, na kwenye ukoo wetu pilau ni yake, hakuna wa kumwambia kitu. Kikapuni alikuwa na birimbi za mti wake, kwa ajili ya achari ya mgonjwa apate hamu ya kula. Nilizipokea kwa mikono miwili, nikaziweka juu ya kabati kusikofikika. Birimbi, pamoja na ndugu yake yule mwenye umbo la nyota, zina asidi inayoumiza hata figo nzima, na hilo la nyota kwa mtu wa mashine linaweza kumchanganya akili na hata kumuua. Wema wa wageni ndio unaohitaji mlinzi mlangoni. Saa hiyohiyo Ami naye alikuwa nje anashusha madafu.

Ugomvi ulizuka kwenye nyama. Mama aliichemsha nyama ya udhia kama robo saa, akainua sufuria kwenda kumwaga maji, fosforasi na potasiamu ziende nayo.

"Wifi," Shangazi akasimama. "Unakwenda wapi na supu?"

"Naimwaga."

"Unaimwaga!" Akanigeukia mimi. "Mwanangu, mama yako ana homa?"

Mama akamweleza. Shangazi akasikiliza, akashika kiuno, akasema pilau inapikwa kwa supu tangu alipoumbwa mwenye kuipika. Mama akamwaga. Shangazi aliifuata ile supu kwa macho ikiingia mferejini, kisha akavuta kigoda mpaka kwenye kitunguu na kukata shauri kwamba, kama supu hakuna, basi atakayekaanga ni yeye. Na alikaanga. Kitunguu kilikwenda polepole kikapita dhahabu kikafika rangi ya kahawa, pale ambapo mpishi mwoga angeshakitoa. Akatia bizari nyembamba mara mbili ya desturi yake, tangawizi, iliki, mdalasini, karafuu, akarudisha nyama na maji mapya, kisha mchele. Mkono ulikwenda kwenye kopo la chumvi wenyewe. Akaurudisha bila kuambiwa. Makaa yakapaliwa juu ya mfuniko.

Chumvi tuliiweka mezani kwenye kibakuli, na pilipili pembeni, kila mtu ajitilie kwenye upande wake. Kachumbari ilikuwa ya kabichi, kitunguu na tango, ikakamuliwa ndimu, bila nyanya. Sinia la wanaume likateremshwa mkekani, na Baba, ambaye alikuwa tayari anaelekea kwenye meza yake ndogo, akaitwa na Ami: "Kaka, unakwenda wapi, njoo huku."

Akakaa. Alinusa kwanza. Akala upande wake wote mpaka akaanza kuchimba upande wa shemeji yake, akazuiwa kwa kupigwa kibao cha mkono. Ami alijitilia chumvi mara tatu. Mjukuu akauliza kwa sauti kubwa kwa nini Babu leo anakula chakula chetu, na Baba akamjibu kwamba wao ndio wanakula chake. Maji alipewa nusu glasi yenye vipande vya barafu, maana posho yake ya siku ilikuwa nusu lita na kidogo, na barafu inakaa mdomoni muda mrefu zaidi.

Tangu hapo nyumbani tunapika hivyo. Shangazi alikubali viazi, alikubali kopo la chumvi kubaki juu ya kabati. Supu hajakubali. Akija siku ya pilau anakuja na chupa ya chai, anaichota kabla Mama hajafika mferejini, anakwenda kuinywa kwake na pilipili.