Kanada Ilivyotupima

Ndugu na marafiki wakinitafuta kuulizia njia ya kuja Kanada, wengi huanza na ubalozi na nauli. Mimi huwauliza kwanza: una miaka mingapi? Najua swali hilo halipendezi kwa mtu mzima, lakini ndilo lililoamua nani aongoze safari ya familia yetu.

Mfumo wa kuchagua wahamiaji wenye ujuzi, Express Entry, ulianza Januari 2015. Unajaza taarifa zako mtandaoni, unapewa alama kati ya 1,200, unakaa kwenye kapu moja na wenzako, na kila baada ya muda serikali inawaita wenye alama za juu. Mwombaji mwenye mwenza hupata alama 100 za umri akiwa na miaka 20 hadi 29. Kuanzia 30 zinamomonyoka kila mwaka, na akifika 45 hana kitu. Mume wangu alikuwa na miaka 41, akapata 35. Mimi nilikuwa na 33, nikapata 80. Basi nikawa mwombaji mkuu, na yeye, aliyefanya kazi miaka mingi kunizidi, akaandikwa mtegemezi wangu. Hakulalamika. Ila nilimwona akiisoma ile fomu mara mbili.

Nawasihi, msizichukue alama hizo kama kipimo cha utu. Nchi inapiga hesabu ya haja zake: huyu atafanya kazi na kulipa kodi miaka mingapi, ataelewana na mwajiri kwa lugha gani. Haja zikigeuka, na alama zinageuka. Mwaka 2023 walianza kuita watu kwa makundi, wakiwemo wa sekta ya afya na wanaojua Kifaransa. Machi 2025 wakafuta alama za mwenye ahadi ya ajira, ambazo kwa baadhi ya vyeo zilifika 200. Mtu ni yuleyule, vyeti ni vilevile, lakini aliyefaa jana leo amepitwa.

Hata hivyo, afadhali alama. Hadi mwanzoni mwa miaka ya 1960 Kanada ilichagua watu kwa asili yao, na Mwafrika alikuwa nje ya hesabu. Mwaka 1967 ndipo ulipoanza utaratibu wa kupima elimu, umri na lugha kwa alama. Bila mwaka ule nisingekuwa hapa.

Linaloniuma ni jingine. Shahada yangu ya uuguzi ilinipa alama za kuingia, lakini haikuniruhusu kumchoma mgonjwa sindano. Leseni inatolewa na bodi ya taaluma ya jimbo, na bodi haifuati uamuzi wa uhamiaji. Nilikaa muda mrefu nikiwaogesha wazee huku vyeti vyangu vikikaguliwa upya. Wauguzi wenzangu, anzeni mambo ya bodi kabla hata hamjaitwa. Mimi hakuna aliyeniambia.

Uraia nao una kipimo chake, na hapo umri na shahada havikuongezei kitu. Kinachohesabiwa ni siku: 1,095 ukiwa ndani ya nchi katika miaka mitano kabla ya kuomba. Wenye miaka 18 hadi 54 wanathibitisha lugha na kufanya mtihani wa maswali 20, wapate angalau 15. Mwishoni ni kiapo. Kila safari ya nje unaiandika. Bibi yangu alipofariki nilikwenda kumzika, nikarudi na kuandika siku za msiba wangu kwenye fomu kama siku za kutokuwepo.

Sasa siku zimetimia, na nyumba yetu imegawanyika mara tatu. Binti yetu alizaliwa hapa, kwa hiyo ni raia tangu siku hiyo. Mume wangu ni Mkenya, na Katiba ya 2010 inamruhusu kuchukua uraia mwingine bila kuupoteza wa kwake. Mimi ni Mtanzania. Sheria ya kwetu haimruhusu mtu mzima kuwa na uraia wa nchi mbili; nikila kiapo hapa, pasipoti yangu naiaga.

Fomu ya mtegemezi wangu imeshapelekwa. Yangu nimeijaza yote, imebaki sahihi.