Soda ya mgeni haikataliwi

Marangu, 27 Desemba, usiku

Nyumba imetulia kidogo. Wanaume wako nje kwenye mbege, pombe yetu ya ndizi, watoto wamelala kwa mafungu, na mimi nimebaki jikoni na simu yenye chaji ya kubahatisha. Kila Desemba tukipanda huku kwa wakwe nawaza kuandika kuhusu meno, kisha naona ni jambo dogo mno wakati watu wote wanalalamikia nauli. Leo nimeshinda karibu na mlango wa sebule, ambapo kreti za soda zimepangwa hadi usawa wa dirisha, nikawa naangalia nani anachukua nini na saa ngapi.

Hapa mgeni haondoki mdomo mkavu. Mtu akipita kusalimia tu, hata hajakaa vizuri, mtoto ameshatumwa: "Mletee baba mdogo soda." Na wale watoto waliomzunguka mgeni nao wanapata zao. Kwa hiyo soda anazokunywa mtoto kwa siku hazitegemei kiu yake, zinategemea ukubwa wa ukoo. Na ukoo huu ni mkubwa.

Kilichonikalisha hapo mlangoni ni mtoto mmoja wa miaka mitano, wa kaka yake mume wangu. Alipewa soda ya machungwa mara baada ya chai. Wenzake walizigugumia zao wakakimbilia migombani. Yeye alikataa kizibo kisifunguliwe. Akaomba msumari, akakitoboa katikati, akawa ananyonya tone kwa tone. Wengi wetu tulifanya hivyohivyo utotoni ili raha isiishe mapema. Saa sita mchana alipoitwa kula, chupa ilikuwa na theluthi bado, imeshapata uvuguvugu, ameibana kwapani. Watu wazima wakamsifu: huyu ana akiba, hana pupa.

Kwa upande wa meno, huyo ndiye aliyekunywa vibaya kuliko wote.

Bakteria wanaokaa kwenye utando wa meno wakipata sukari wanatoa tindikali, na tindikali inachota madini kwenye enameli, lile tabaka gumu la nje la jino. Mate ndiyo yanayoizimua na kuyarudisha madini mahali pake, ila yanahitaji muda, nusu saa hadi saa nzima hivi, bila kuletewa sukari nyingine. Aliyegugumia chupa ameshambuliwa mara moja, basi, mate yakaendelea na kazi yake. Anayenyonya kwenye tundu la msumari toka saa tatu hadi saa sita, mate yake hayajapata nafasi asubuhi nzima. Na sukari ni ileile, chupa ni ileile.

Najua pia hesabu ya chupa yenyewe. Soda ya kola ya mililita 350 ina gramu 37 hivi za sukari, karibu vijiko 9 vya chai. Shirika la Afya Duniani mwaka 2015 lilishauri sukari ya kuongezwa isizidi asilimia 10 ya nishati ya siku, na ikiwezekana ishuke chini ya asilimia 5, ambayo kwa mtu mzima ni kama gramu 25. Yaani chupa moja tu imeshavuka. Lakini nikianza kutaja gramu sebuleni kwa mama mkwe nitaonekana nimekuja na semina, na hakuna mkamwana anayetaka sifa hiyo wiki ya Krismasi.

Nikamfuata Mama jikoni alipokuwa anamenya ndizi, nikachukua kisu nikae naye. Hapa maombi hayapelekwi mikono mitupu.

"Mwanangu, sikukuu yenyewe ni mara moja kwa mwaka. Mtoto anyimwe soda amekosa nini?"

"Hanyimwi, Mama. Naomba tu waipate wakati wa kula, waifungue, waimalizie hapohapo mezani. Katikati wanywe maji."

Akamenya ndizi mbili tatu bila kunijibu. Kisha akasema hilo halina ubaya, maana hata chupa tupu zitarudi kwenye kreti badala ya kuokotwa mgombani moja moja. Sababu yake si yangu, lakini imefika palepale. Alitoka uani akatangaza kwa Kichaga, maneno machache tu, na toka hapo imekuwa sheria ambayo hata wajomba wanaitii. Mimi ningesema hadi Mwaka Mpya.

Kati ya mlo na mlo sasa kuna mahindi ya kuchemsha, karanga na maziwa. Maziwa hayana shida hapa, ng'ombe yuko bandani nyuma ya nyumba. Miwa imebaki kuwa mgogoro. Watu wanasema muwa unasafisha meno kwa sababu ya zile nyuzi, na mimi nasema mtoto anayetafuna muwa alasiri nzima hana tofauti na yule wa msumari. Tumekubaliana kutokubaliana, wanatafuna baada ya chakula cha mchana, halafu nakusanya makapi.

Safari yenyewe, kwa kweli, ndiyo inayoanzisha yote. Kilomita zaidi ya 500 kutoka Dar, basi linaondoka alfajiri, na kabla hata mji haujaisha kondakta anagawa soda, biskuti na pipi. Segera machungwa, Korogwe biskuti nyingine, Mombo chakula, na mtoto akilia mbele ya Same anawekwa pipi mdomoni anyamaze. Pipi ya kumung'unya ni mbaya kwa sababu ileile, inakaa. Mwaka huu zile za kondakta nilizikusanya zote kwenye mkoba nikasema zitaliwa tukisimama kula. Abiria wa kiti cha nyuma alinionea huruma, nadhani aliona naziiba.

Usiku ndio mtihani wenyewe. Mtu akilala mate yanapungua sana, kwa hiyo uchafu uliolala nao una usiku mzima wa kufanya kazi bila mlinzi. Mswaki wa usiku kwangu ni mkubwa kuliko wa asubuhi. Lakini fikiria Marangu usiku wa sikukuu. Bomba liko nje, maji yake yanauma vidole, chakula kinaiva saa nne, na watoto wameshasinzia kwenye mapaja ya shangazi zao. Nani atamwamsha mtoto akapige mswaki gizani? Hakuna.

Kwa hiyo tumegeuza mambo. Watoto wanakula kabla ya wakubwa, saa moja na nusu, chochote kilichokwisha kuiva. Saa mbili birika la maji ya moto linachanganywa kwenye beseni, wanapanga mstari ukumbini, wanapiga mswaki. Baada ya hapo ni ruhusa kukesha na wakubwa watakavyo, ila kinachoingia mdomoni ni maji tu. Maji ya vuguvugu ndiyo yaliyobadilisha kila kitu. Mtoto wa Dar hagombani na mswaki, anagombana na baridi. Miswaki yote ilinunuliwa duka moja na yote ni ya bluu, kwa hiyo wifi yangu amefunga kila mpini uzi wa rangi yake. Aliyepata uzi wa pinki amelalamika hadi leo.

Dawa ya meno naikamua mwenyewe, maana wao wanaijaza mswaki mzima kama kwenye matangazo. Wa chini ya miaka mitatu anapata ukubwa wa chembe ya mchele, wa mitatu hadi sita punje ya njegere. Wanatema mapovu, hawasukutui kwa maji mengi, ili madini ya floraidi yabaki juu ya jino yafanye kazi usiku.

Katika kukagua vinywa hivyo ndipo nilipoona gego jipya kwa mmoja wa miaka sita, nyuma kabisa, na mama yake hana habari. Si kosa lake. Gego la kwanza la ukubwani linaota nyuma ya magego ya utotoni bila jino lolote kung'oka kwanza, ndiyo maana wazazi wengi wanalidhania la utoto na kusema likioza litadondoka. Halidondoki. Ndilo hilohilo la kuzeeka nalo. Ukiwa na mtoto wa miaka sita au saba, mpeleke mwangani, mwambie afungue mdomo, tazama nyuma kabisa.

Kuna jambo lingine la meno ambalo halihusiani na soda, na ambalo huku haliwezi kukwepwa. Wifi yangu mwingine ameolewa upande wa Meru, mkoani Arusha, karibu na Maji ya Chai, ambako maji yana floraidi nyingi kupita kiwango cha miligramu 1.5 kwa lita kinachoshauriwa kimataifa. Binti yake ana miaka kumi na meno yake ya mbele yana michirizi ya kahawia. Jana picha ya ukoo ilipopigwa alifumba midomo, kisha akaweka kiganja. Shangazi mmoja akamwambia ayasugue kwa mkaa na chumvi yatatakata.

Hapo sikunyamaza, ingawa shangazi ni mkubwa kwangu. Ile si takataka ya kusuguliwa. Rangi hiyo imeingia wakati jino linajengwa ndani ya ufizi, mtoto akiwa mdogo, na mkaa utamaliza enameli huku doa likibaki. Daktari wa meno anaweza kulipunguza au kulifunika baadaye. Floraidi kidogo inalinda jino, ikizidi miaka ile ya utotoni inalitia doa. Si maji peke yake. Magadi tunayotia kwenye makande na maharage nayo yana floraidi, na watafiti walioingia vijiji vya Kilimanjaro waliyahusisha na meno ya namna hii hata pale maji yenyewe yalipokuwa mazuri. Mama alisikia hilo na hakulipenda. Makande bila magadi yanachukua kuni nyingi. Nikamwambia angalau ya watoto wadogo tuloweke usiku kucha, akasema atafikiria. Kwa Mama, "nitafikiria" inaweza kuwa ndiyo.

Binti mwenyewe nimemwita pembeni nikamwambia meno yake yanasafishwa vizuri kuliko ya wote humu ndani, jambo ambalo ni kweli, nimeyaona.

Kwa wakubwa sina sheria, nina shemeji. Shemeji yangu mkubwa anafungua soda kwa gego. Anaweka kizibo upande wa kulia, anakunja shingo kidogo, kizibo kinalia, watoto wanapiga makofi. Enameli haina chembe hai, ikimeguka haioti tena, nimemwambia. Akanijibu kwamba gego hilo limefungua chupa toka enzi za Mwalimu. Leo mchana nikamkuta mwanangu wa pili nyuma ya nyumba anajaribu kwa jino la mbele, lile jipya ambalo bado lina makali ya msumeno.

Nikachukua kifungulio, nikakifunga kwa kamba kwenye kreti ya juu. Jioni kamba ilikuwepo, kifungulio hakipo, na shemeji anafungua soda za wageni kwa gego, kwa raha zake. Kesho tunashuka Himo sokoni. Nitanunua vifungulio viwili, na kimoja nitamkabidhi yeye mwenyewe mbele ya Mama, tuone atakikataaje.