Siku moja maishani mwangu: kumchora Chinggis Khan kwa rangi za mafuta, Ulaanbaatar

Hapa Mongolia Chinggis Khan, mwanzilishi wa dola ya Wamongolia, yuko hata mfukoni: noti za tugrik kuanzia 500 hadi 20,000 zina sura yake. Kwa hiyo wengi hudhani kumchora ni kazi ya kukariri, uso mkali na ndevu, imekwisha. Uso huchukua siku nne. Joho jeupe ndilo linalokula majuma, na kukauka kwa rangi hula miezi. Hii ni siku moja ya mwishoni mwa Januari, picha ya sentimita 120 kwa 90 ikiwa katika wiki yake ya sita.

Saa 1 asubuhi. Nje bado giza, baridi ni nyuzi 30 chini ya sifuri. Ndani mabomba ya joto ya mji yamekausha hewa mpaka midomo inapasuka. Kabla ya chai natazama kipimo cha unyevu. Kikisoma chini ya asilimia 35 naweka sufuria ya maji karibu na bomba, kwa sababu mbao za fremu zikikauka kupita kiasi pembe huachia na kanvasi hulegea. Leo pembe ya chini kushoto imelegea. Nagonga kabari zake mbili kwa nyundo ndogo, pigo moja huku, pigo moja kule, kipande cha kadibodi kikiwa kati ya nyundo na kitambaa. Ukigonga kabari moja tu, kanvasi inavutwa upande na rangi ya pembeni inapasuka.

Dirisha halifunguliwi. Tangu Mei 2019 makaa ghafi yamepigwa marufuku mjini na watu huchoma makaa ya kushindiliwa, lakini moshi wa majira ya baridi haujaisha, na masizi yakitua juu ya nyeupe mbichi hayatoki tena. Na kwa kuwa mvuke hauna pa kutokea, chupa ya tapentaini ina kifuniko na haikai wazi hata dakika moja.

Saa 2 na nusu. Jua linachomoza. Dirisha langu linatazama kaskazini, mwanga wake haubadiliki sana hadi alasiri. Natoa rangi kwenye paleti: nyeupe ya titani nyingi kuliko zote, manjano ya udongo, bluu nzito, kahawia ya udongo uliochomwa, na nyekundu kidogo. Nyeupe ya zinki siigusi. Ni laini chini ya brashi, lakini utando wake huwa mgumu na baada ya miaka hupasuka. Soma maandishi ya mgongoni mwa tyubu, maana nyeupe nyingi za bei nafuu zimechanganywa nayo kimyakimya.

Saa 3 hadi saa 5. Mikunjo ya mkono wa kushoto. Kazi inakwenda.

Saa 5. Mteja anabisha hodi. Alisema angepita mara moja tu kutazama. Amekaa hadi saa 7 na nusu.

"Bagsh," ananiita, yaani mwalimu, ndivyo watu wa hapa wanavyomwita mtu wa fani yake kwa heshima. Kisha ananyoosha simu. Ameipata picha mtandaoni na anataka yangu ilingane nayo, kwa sababu yangu, anasema, nimekosea joho.

Nikaitazama. Joho linafungwa kushoto. Podo la mishale liko kushoto, mfuko wa upinde uko kulia. Mtu ameigeuza picha kama kioo, basi, na wengine wakainakili hivyo hivyo. Deel, joho la jadi la Mmongolia, ndefu au fupi, upande wake wa kushoto hupita juu ya kifua na kufungwa chini ya kwapa la kulia. William wa Rubruck, mtawa aliyesafiri huku kati ya 1253 na 1255, aliandika jambo hilo hilo: Waturuki hufunga kushoto, Watatari, ndivyo alivyowaita Wamongolia, daima kulia. Podo hukaa kulia na upinde kushoto, kwa sababu mpanda farasi huchomoa mshale kwa mkono wa kulia. Nilimwomba asimame avute mshale wa hewani. Alivuta mara mbili, akanyamaza.

Kisha akataka ukosi uwe wa kusimama, kama deel aliyovaa yeye. Huo ni mtindo uliokuja baadaye sana, zama za utawala wa Wamanchu. Wa karne ya 13 hukutana kifuani kwa mshazari. Kisha vazi la vita la dhahabu. Kisha macho makali zaidi.

Hapo nilitoa nakala ninayofanyia kazi. Hakuna picha yake inayojulikana kuchorwa akiwa hai. Alifariki mwaka 1227, na sura tunayoanzia sote ni ya enzi ya Yuan, Wamongolia walipotawala China, wino na rangi juu ya hariri, katika albamu iliyohifadhiwa kwenye makumbusho ya kasri huko Taipei, Taiwan. Ni mzee aliyetulia, joho jeupe, nywele zimesokotwa vitanzi nyuma ya masikio. Hana upanga wala ghadhabu. Na kitabu cha kale, Historia ya Siri ya Wamongolia, kinamweleza alipokuwa mtoto: macho yenye moto, uso wenye nuru. Moto huo haupatikani kwa kukunja nyusi. Ni nukta moja ya nyeupe yenye manjano kidogo, ndogo kuliko punje ya mtama, juu ya mboni, upande mwanga unakotokea. Ukiiweka katikati ya mboni, mtu anaonekana ameshtuka.

Namheshimu mteja huyu. Watu wa rika lake walisoma shule wakati kumsifu Chinggis kulikuwa kosa. Sherehe za miaka 800 ya kuzaliwa kwake, mwaka 1962, zilimgharimu Tömör-Ochir, mwanasiasa aliyeziunga mkono, cheo chake katika uongozi wa chama cha kikomunisti kilichotawala wakati huo. Mtu aliyenyimwa picha hii utotoni ana haki ya kuitaka kubwa na ya dhahabu. Lakini ana haki zaidi ya kuipata sahihi.

Mwisho lilikuja la vanishi. Anaitaka ukutani kabla ya Tsagaan Sar, mwaka mpya wetu, iking'aa. Nilichovya pamba kwenye tapentaini ya madini, nikaipitisha taratibu kwenye ukingo wa bendera nyekundu. Pamba ilitoka na wekundu. Rangi ikitoka hivyo haijakauka chini, na vanishi ngumu juu yake itanasa vumbi, itakunjamana, kisha itapasuka. Vanishi ya mwisho husubiri miezi 6 hadi 12. Tulikubaliana: sasa nitapaka tabaka jembamba la vanishi ya muda, ataileta tena msimu wa vuli.

Buuz nne, yaani vifurushi vya unga vyenye nyama vilivyopikwa kwa mvuke, na chai ya maziwa yenye chumvi, nimesimama.

Alasiri mabega yanauma na mwanga unaondoka, lakini joho halisubiri. Nyeupe tupu ni bega na mkunjo mmoja, eneo dogo kuliko kiganja. Kilichobaki ni kijivu: cha bluu kivulini, cha manjano kwenye mwanga. Ukiweka nyeupe tupu kila mahali unapata shuka lililoanikwa. Tabaka la kwanza lilikuwa rangi na tapentaini tu, la pili sehemu moja ya mafuta kwa mbili za tapentaini, la leo nusu kwa nusu. La juu lazima liwe na mafuta zaidi ya la chini, la sivyo la juu hukauka kwanza na lile la chini, likiendelea kusogea, hulipasua. Mafuta ya kitani hugeuka manjano kadiri miaka inavyopita, kwa hiyo kwenye joho natumia ya jozi, ingawa huchelewa kukauka.

Nilifuta mkunjo wa kiwiko mara tatu. Mara ya nne ukakaa.

Giza limeingia na bado kuna picha nyingine ya kufungasha, ndogo, inaondoka kesho. Haikunjwi kamwe kwenye baridi hii, utando wa mafuta huwa mkavu kama ganda la yai. Karatasi laini, kadibodi pembeni, plastiki nje. Namwandikia mpokeaji kwa herufi kubwa: ikifika, usiifungue mpaka ipate joto la chumba, kwa muda wa saa 12 nzima, ama sivyo unyevu wa hewa utakuwa matone juu ya rangi.

Brashi zimeoshwa. Vitambaa vyenye mafuta nimevitia kwenye kopo la chuma lenye maji na kufunga kifuniko, kwa maana vikirundikwa vikavu hujipasha moto vyenyewe na kuwaka. Kipimo kinasoma 41. Picha nimeigeuza itazame ukuta.