Vitamini D ilivyonipungukia hapa hapa Mombasa

Mimi naishi Mji wa Kale na kazi yangu ni ya ofisini, Moi Avenue. Asubuhi natoka na buibui langu, napanda tuktuk, narudi magharibi. Jua la ofisini hupitia kioo, na kioo huzuia ile miali ambayo ngozi huitumia kutengeneza vitamini D. Ngozi nyeusi nayo huhitaji muda zaidi juani.

Maradhi yalianza mapajani. Ngazi za nyumba yetu zimesimama wima, nikawa nazipanda kwa kushika ukuta, na usiku mifupa ya miguu yaniuma. Daktari akaagiza damu ipimwe: nanogramu 9 kwa mililita. Chini ya 12 ni upungufu hasa. Kuanzia 20 huwatosha watu wengi. Mamangu akacheka. "Jua lote hili, mwanangu, waambiwa limekukosa?"

Nikaandikiwa kidonge cha yuniti 50,000 mara moja kwa wiki, kisha cha yuniti 1,000 kila siku. Nakimeza na chakula cha mchana, maana vitamini hii huyeyuka kwenye mafuta, na wali wa nazi hauna uhaba wa mafuta. Jua nalifuata juu ya paa tunapoanika nguo, hakuna anayeniona: mikono na miguu wazi, muda mfupi tu. Lile jua changa la asubuhi tunalolisifu silo, miali yenyewe huwa haba jua likiwa chini. Naangalia kivuli, kikiwa kifupi kuniliko, mnamo saa nne hivi, napanda. Jodari na kiini cha yai husaidia, ila kidogo.

Nilipopimwa tena ilikuwa 31, na ngazi napanda na kikapu cha sokoni mkononi.

Faida ya miaka ya mbele ninayoitegemea ni ya mifupa. Upungufu huwapa watoto matege na hulainisha mifupa ya watu wazima. Habari za kuzuia saratani na maradhi ya moyo sizichukui hivi hivi: utafiti wa VITAL huko Marekani uliwafuata watu 25,871, nusu wakipewa yuniti 2,000 kila siku, na waliougua hawakupungua. Lakini wengi wao hawakuwa na upungufu tangu mwanzo, kwa hivyo hali yao si kama yangu.

Jirani yangu alitaka vile vidonge vya wiki avimeze kila siku "apate nguvu". Nilimkatalia. Vikizidi, kalsiamu hujaa kwenye damu na figo huumia. Nilimwambia atangulie maabara, akanuna.